Julai 1914: diplomasia ilivunjika au ilivunjwa?

*"Shikamoo Profesa. Nafundisha historia sekondari huku wilaya ya Muheza. Kila nikifika Vita Kuu ya Kwanza nakwama palepale. Kitabu kinasema chanzo ni kuuawa kwa mrithi wa ufalme wa Austria pale Sarajevo, basi. Mwalimu mwenzangu anasema kosa ni la Ujerumani peke yake, na kwamba ilikiri yenyewe Versailles. Wanafunzi nao wameona video kwenye simu zinazosema hakuna mwenye kosa, mikataba ya kijeshi ndiyo iliyowaburuta wote. Wiki iliyopita binti mmoja aliniuliza: 'Sasa nani hasa alifanya diplomasia ivunjike?' Nikababaika. Jambo lenyewe linanigusa, maana babu mzaa babu yangu alichukuliwa upagazi mwaka 1916 na hakurudi. Katika ukoo hatujui hata alichukuliwa na jeshi la nani. Nimjibu nini yule binti?"*

Marahaba, mwalimu. Kubabaika kwako si aibu. Swali hili limebishaniwa tangu Agosti 1914, na serikali zilizohusika zilianza kuchapisha vitabu vya nyaraka za kujitetea kabla maiti hazijazikwa. Baadhi ya nyaraka hizo zilikatwa na kugeuzwa makusudi. Nikikuelewa vizuri, hutaki orodha ya sababu za mbali na za karibu, hiyo unayo tayari ubaoni. Unataka kujua kama kulikuwa na watu walioweza kuizuia vita, wakaona njia, wakakataa kuipita. Walikuwepo, na siku zenyewe zinajulikana.

Naomba nianze na kitenzi cha binti yako. Alisema "ivunjike". Chungu huvunjika, na chungu huvunjwa. Ukisema kimevunjika, hakuna anayeulizwa. Ukisema kimevunjwa, mwenye nyumba atataka kujua nani alikuwa jikoni. Vitabu vyetu vingi vimezoea kitenzi cha kwanza: amani ilivunjika, mazungumzo yalikwama, hali ilichafuka. Mimi baada ya miaka mingi ya kusoma nyaraka za mwezi ule nasema ilivunjwa. Waliokuwa jikoni walikuwa wengi, lakini mikono yao haikuwa sawa.

Tuondoe kwanza mambo matatu yanayokuchanganya.

La kwanza ni Sarajevo. Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, alimpiga risasi mrithi huyo, Franz Ferdinand, na mkewe Sophie tarehe 28 Juni 1914. Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti. Hesabu na wanafunzi wako: ni siku 37. Mauaji ya dakika moja hayawezi kueleza siku 37 za kuandika barua, kuficha barua na kupanga ratiba za treni. Mwaka uliotangulia na ule wa kabla yake Balkan ilikuwa na vita viwili kamili, na mataifa makubwa yalikutanisha mabalozi wao London, yakauzuia moto usivuke. Kwa hiyo njia ya kuuzima moto ilijulikana na ilikuwa imeshatumika.

La pili ni mikataba. Ni kweli Ulaya ilikuwa kambi mbili, lakini mkataba haukumburuta mtu ambaye hakutaka kwenda. Italia ilikuwa imefungamana na Ujerumani na Austria-Hungaria tangu 1882, na bado ilikaa pembeni. Ilisema mkataba ni wa kujihami, na kwamba Austria imeanzisha ugomvi bila hata kuishauri. Uingereza nayo haikuwa na mkataba wowote wa kuilazimisha kuipigania Ufaransa. Ukiwaonyesha wanafunzi Italia tu, ile video imekwisha.

La tatu ni Versailles, yaani mkataba wa amani wa baada ya vita, na hapa mwenzako amebeba kosa la watu wengi. Kifungu cha 231 hakina neno "hatia". Kinasema Ujerumani inakubali wajibu, yenyewe na washirika wake, wa hasara na uharibifu uliotokana na vita vilivyoletwa na uchokozi wao. Kiliandikwa na wanasheria ili kuwe na msingi wa kudai fidia, na maneno ya namna hiyo yaliwekwa pia kwenye mikataba ya Austria na Hungaria. Ujerumani ilitia sahihi tarehe 28 Juni 1919 ikiwa imeambiwa kwamba isipotia, vita vinaanza upya. Sahihi ya namna hiyo huwezi kuiita kukiri. Kama Ujerumani ina kosa, na naamini inalo, ushahidi uko kwenye karatasi za Julai 1914 zenyewe.

Haya, tuingie jikoni.

Tarehe 5 Julai balozi wa Austria-Hungaria alikula chakula cha mchana na mfalme wa Ujerumani, Kaiser Wilhelm II, huko Potsdam, akamkabidhi barua ya mfalme wake. Vienna, yaani serikali ya Austria-Hungaria, iliilaumu Serbia kwa mauaji yale, ikataka kujua: tukiishughulikia Serbia kwa nguvu, mtasimama nasi hata Urusi ikiingilia kuitetea? Kaiser alikubali, na kesho yake Kansela Bethmann Hollweg akathibitisha. Wanahistoria huiita hundi iliyotiwa sahihi bila kuandikwa kiasi. Jina linafaa, ila linaficha jambo moja: mtoa hundi hakuwa mjinga aliyeibiwa. Berlin, yaani serikali ya Ujerumani, iliihimiza Vienna ifanye haraka, na ilijua kwamba vita na Urusi vinawezekana. Baadhi ya majenerali wake waliamini kwamba kama vita haviepukiki, bora sasa kuliko baada ya Urusi kumaliza kujijenga upya kijeshi.

Vienna ikaandika masharti. Waziri wa Mambo ya Nje, Leopold Berchtold, na wenzake walikubaliana kwamba masharti yawe ya namna ambayo Serbia itayakataa. Kisha wakayaweka kabatini mpaka Rais Poincaré wa Ufaransa aliyekuwa ziarani Urusi apande meli kurudi, ili Paris na St. Petersburg zisipate nafasi ya kushauriana uso kwa uso. Yalikabidhiwa Belgrade, mji mkuu wa Serbia, saa 12 jioni, tarehe 23 Julai, yakiwa na muda wa saa 48.

Picha ya tarehe 25 Julai nakuomba uipeleke darasani jinsi ilivyo. Ofisini kwa serikali ya Serbia wanahangaika kuandika jibu. Mashine ya chapa imeharibika, nakala ya mwisho inaandikwa kwa mkono na ina masahihisho ya kukata na kuongeza. Zimebaki dakika chache kufika saa 12. Waziri Mkuu Nikola Pašić analichukua jibu mwenyewe na kulipeleka kwa balozi wa Austria, Baron Giesl. Jibu linakubali karibu kila kitu, kwa lugha ya unyenyekevu. Linalokataliwa waziwazi ni maafisa wa Austria kushiriki uchunguzi wa kimahakama ndani ya Serbia. Giesl amekwisha kufunga mizigo yake. Barua ya kukata uhusiano imeshaandikwa kabla jibu halijafika. Analipitisha macho, anatia sahihi barua yake, na saa 12 na nusu yuko kwenye treni anavuka mto.

Sisi tuna msemo kwamba mjumbe hauawi. Huyu alikuwa mjumbe aliyetumwa ahakikishe ujumbe unakufa.

Sasa nikueleze jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, na halimo kwenye vitabu vya sekondari. Tarehe 26 Julai Edward Grey, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alipendekeza mabalozi wa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Italia wakutane London kusuluhisha, kama walivyofanya wakati wa vita vya Balkan. Ujerumani ilikataa mkutano, ikasema itapeleka mapendekezo ya Uingereza Vienna. Iliyapeleka kweli. Lakini balozi wa Austria mjini Berlin aliiandikia serikali yake kwamba Jagow, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, amemwambia Ujerumani haihusiki kabisa na mapendekezo hayo, inapinga yafuatwe, na inayapitisha tu ili kuiridhisha Uingereza.

Wewe unajua mshenga ni nani. Familia mbili zinamwamini kwa sababu anachokisikia huku ndicho atakachokisema kule. Mshenga akianza kufikisha salamu huku anakonyeza jicho, hakuna tena posa wala usuluhishi, hata kama barua zinaendelea kwenda na kurudi.

Siku mbili baadaye ikawa hivyohivyo tena, safari hii kwa Kaiser mwenyewe. Asubuhi ya tarehe 28 alilisoma jibu la Serbia, akaandika kwamba kila sababu ya vita imeondoka. Akapendekeza Austria iishike Belgrade kama dhamana na isimame hapo, mazungumzo yaendelee. Bethmann Hollweg alilifikisha wazo hilo Vienna usiku, akiwa ameliondoa lile neno kwamba sababu ya vita imekwisha, na akasisitiza isionekane kwamba Ujerumani inataka kuizuia Austria. Hata hivyo siku hiyohiyo kabla ya mchana Austria-Hungaria ilikuwa imeshatangaza vita dhidi ya Serbia kwa telegramu. Mfalme Franz Joseph, mzee wa miaka 83, alipoombwa sahihi aliambiwa Waserbia wameshafyatua risasi mahali paitwapo Temes-Kubin. Halikuwa kweli, na Berchtold aliifuta sentensi hiyo baada ya kupata sahihi.

Kufikia hapo unaweza kusema kesi imekwisha. Haijaisha, na hapa ndipo mwenzako anapotakiwa kusikiliza.

Urusi nayo ilikuwa na chaguo. Tangu tarehe 26 ilikuwa imeanza maandalizi ya siri. Tarehe 29 mfalme wake, Tsar Nicholas II, aliidhinisha kuitwa kwa majeshi yote, kisha jioni akapata telegramu ya binamu yake Wilhelm, akaisimamisha amri. Mchana wa tarehe 30 Waziri wa Mambo ya Nje, Sazonov, alikwenda kumshawishi tena. Mkuu wa majeshi, Yanushkevich, alikuwa ameahidi kwamba akipata amri mara ya pili ataivunja simu yake, ili mfalme asiweze kubadili mawazo. Tsar akakubali. Sazonov akampigia jenerali na kumwambia kwamba sasa anaweza kuivunja.

Kwa nini jambo hilo lilikuwa kubwa hivyo? Kuyaita majeshi maana yake ni mamilioni ya askari wa akiba kuacha mashamba na viwanda, kupanda treni kwa ratiba iliyopangwa kwa dakika, na kupelekwa mpakani. Majeshi ya Urusi na Ufaransa yangeweza kufika mpakani na kukaa hapo kwa wiki, wanadiplomasia wakiendelea kuzungumza. Ufaransa hata iliwarudisha askari wake kilomita 10 nyuma ya mpaka. Ujerumani haikuweza kukaa. Kwa kuwa ilitazamia kupigana pande mbili, mpango wake ulikuwa kuimaliza Ufaransa haraka kupitia Ubelgiji kisha igeukie Urusi, na kwa ajili hiyo ilibidi mji wa Liège ukamatwe katika siku chache za mwanzo, jeshi likiwa bado linakusanyika. Kwa wengine kuyaita majeshi kulikuwa tishio, kwa Ujerumani kulikuwa ni vita vyenyewe. Na mpango wa kulielekeza jeshi upande wa mashariki peke yake ulikuwa umeachwa tangu 1913. Tarehe 1 Agosti Kaiser alipotaka askari wapelekwe Urusi tu, Jenerali Moltke, mkuu wa majeshi yake, alimjibu kwamba haiwezekani.

Ndiyo maana amri ya Urusi ilifunga mlango wa mwisho. Sazonov alijua kwamba Ujerumani ingeitikia, lakini pia alikuwa anaitazama Austria ikiipiga Belgrade kwa mizinga. Mimi namwona mwenye kosa kubwa, ila ni kosa la mtu aliyekimbilia panga baada ya kuona jirani amevunjiwa mlango.

Wengine nitawapitia haraka, maana mchango wao ni mdogo zaidi. Serbia: silaha za akina Princip zilitoka Belgrade kwa msaada wa watu wa Kanali Dimitrijević, mkuu wa upelelezi wa jeshi. Serikali ya Pašić haikumtuma, lakini ilishindwa kumdhibiti. Ufaransa iliihakikishia Urusi mshikamano kwa nguvu mno, na balozi wake Paléologue alichelewesha habari za kuitwa kwa majeshi. Uingereza ilizungumza kwa mafumbo mpaka tarehe 29, baraza lake la mawaziri likiwa limegawanyika. Wapo wanaosema Grey angetoa onyo wazi mapema vita visingetokea. Inawezekana. Lakini kumlaumu aliyechelewa kupiga kelele kuliko aliyewasha moto sikubaliani nako.

Kwa hiyo mjibu binti hivi, kwa maneno yako: Vienna iliamua kuipiga Serbia na haikutaka kupatanishwa. Berlin iliipa nguvu, ikaharibu usuluhishi ikijifanya inausaidia, na ilijua hatari. Hao wawili ndio wabebaji wakuu. Urusi inafuata kwa amri ya tarehe 30. Wengine walikosea, ila hawakuvunja. Mwambie pia kwamba wapo wanahistoria makini wasiokubaliana nami. Mwaka 1961 Fritz Fischer, Mjerumani, aliwashtua wenzake kwa kusema Ujerumani iliitaka vita ili itawale. Naona alikwenda mbali kidogo, kwa sababu usiku wa kuamkia tarehe 30 Bethmann Hollweg aliingiwa na hofu, akaanza kweli kuisihi Vienna ikubali usuluhishi. Wakati huohuo Moltke alikuwa anaihimiza Vienna iite majeshi yake yote, hata Berchtold akauliza nani anatawala Berlin. Hizo si dalili za watu wenye mpango mmoja. Wengine wa karne hii wanagawa lawama kwa usawa zaidi, hasa kwa Urusi na Serbia. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini amechagua upande mmoja, kwa tarehe na majina, mpe alama zote hata akinipinga.

Umenigusa ulipomtaja babu yenu, kwa hiyo niseme na la huku nyumbani, maana kuna jambo la Julai lililojirudia mlangoni kwenu. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliruhusu makoloni ya eneo la bonde la Kongo, ikiwemo Afrika Mashariki ya Kijerumani, yabaki nje ya vita vya Ulaya. Gavana Heinrich Schnee alitaka hivyo. Tarehe 8 Agosti manowari ya Uingereza, Astraea, iliupiga mnara wa simu za upepo Dar es Salaam, kisha pakafanywa makubaliano ya kutoshambuliana kwa Dar es Salaam na Tanga. Kamanda von Lettow-Vorbeck hakuyataka, na tarehe 15 Agosti jeshi la Wajerumani liliichukua Taveta. London nayo ikayakataa. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba nahodha wa manowari Fox aliingia bandari ya Tanga na kumwita mkuu wa wilaya, Auracher, akamwarifu kwamba makubaliano yamekufa. Auracher aliomba muda wa kushauriana, akarudi ufukweni, akampelekea von Lettow habari na kuvaa sare za jeshi. Askari wapatao 8,000 wa Uingereza, wengi wao Wahindi, wakashuka kupigana na watu kama 1,000. Kutoka Muheza hapo ni mwendo mfupi, wapeleke wanafunzi wakaone makaburi.

Kuhusu babu yenu, hapa barua haitoshi. Majeshi yote mawili yalichukua wapagazi Usambara na mwambao, na katikati ya 1916 Waingereza walipokuwa wakishuka kufuata Pangani, mtu aliweza kuchukuliwa na Wajerumani mwezi huu na Waingereza mwezi ujao. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Basi usikate tamaa ukikosa kaburi. Anza na wazee wa ukoo mwaka huu, si mwaka ujao: jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji, jumbe aliyemtoa, na kama waliobaki walisema "Kariakoo" au neno jingine. Neno hilo lilitoka kwenye kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kwa hiyo likitajwa ni dalili nzuri. Ukishapata hayo, nenda mwenyewe Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, ambako kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zimehifadhiwa. Mwandiko wa Kijerumani wa zamani ni mgumu kusomeka hata kwa anayejua Kijerumani cha leo, kwa hiyo mwombe mtunza nyaraka akae nawe, na ukienda mchukue yule binti.